Kabla Sijakupa Ufunguo

Keti, Lali. Si hapo, hapo pana vitambaa.
Patasi utaijua kwa kukukata,
nyundo utaijua kwa kidole gumba.
Huyu aliye kabatini hajulikani hivyo,
ndiyo maana leo hatuchongi.

Tazama: maji matupu.
Ukiyatia gilasini ukampa mgeni
atasema bismillahi.
Sasa sogeza pua. Basi, basi, inatosha!
Tapentaini.
Inazimua vanishi, inasafisha brashi,
inatoa rangi kwenye kucha zako Alhamisi jioni,
na ukikaa nayo saa nzima madirisha yamefungwa
itakupa kichwa kizito na kicheko cha bure
nawe utadhani umefurahi.
Ukijiona unacheka na mlango, toka nje.

Wewe umezoea moshi. Moshi ni muungwana:
unaonekana, unakukohoza, unapanda ukaenda zake.
Mvuke wa huyu haupandi.
Hushuka. Hutambaa chini ya meza,
huchungulia kizingiti,
hutoka usitani bila viatu, bila hodi,
hufuata mtaro kama maji ya udhu
ukitafuta jiko lililowaka, la mtu yeyote.

Mwaka ule jiko lilikuwa la Mwana Badi,
hatua kumi na tisa kutoka hapa. Nilizihesabu baadaye.
Alfajiri, mahamri ya kwanza yamo karaini.
Mimi nimepindua debe kwa kiwiko
nikasema nitapangusa nikimaliza ua hili,
jani moja tu, Lali, jani moja la ua.
Yeye aliuona kabla yangu:
uzi wa buluu, mwembamba,
unaondoka chini ya jiko lake,
unapanda usita, polepole, kisha mbio,
ukirudi kwetu kwa njia ileile
kama punda ajuaye zizi lake.

Aliniita. Jina langu zima, na la babangu.
Ndipo nikatazama chini.

Hakufa mtu; lishike hilo kwanza.
Lakini mlango wa Bwana Shekuwe, kazi ya miezi minne,
na mguu huu. Usione haya, tazama.
Jirani alikuja na ndoo ya maji, kwa wema wake,
akamwaga, na moto ukapanda juu ya maji,
ukaelea, ukasafiri nayo mpaka ukutani.
Ndoo ile nyekundu pale ni ya mchanga.
Asiwepo wa kuuchota kwenda kusugulia sufuria.

Chupa ya soda usinitajie.
Mtoto wa dada yangu alipiga funda moja,
bibi yake akamtia kidole kooni amtapishe.
Daktari alitufokea sote:
tumboni ingepita; ni wakati wa kurudi juu
ndipo inapoingia mapafuni.
Siku sita alilala pale King'itoni,
kifua chake kikilia kama mlango usiotiwa mafuta.
Tangu hapo inakaa kwenye debe lake,
na maandishi ni yangu, kwa rangi nyekundu:
SI MAJI. Hati mbaya, najua.

Vitambaa vianike nje, kimoja kimoja.
Ukivirundika vimelowa mafuta ya vanishi
vitapika joto lao wenyewe usiku, bila kiberiti,
nawe umelala Mkomani waota harusi.

Haya. Ufunguo huu hapa.
Kabla hujafungua, fanya kama mimi:
inama, uweke kiganja sakafuni
kama mtu apimaye homa ya mtoto.
Sijui kama inasaidia.
Kisha nenda mpaka mwisho wa usita
umwambie Mwana Badi: leo tunapaka.
Atazima jiko, atanuna,
atakupa hamri la jana.